Viza si kikwazo kikubwa: programu za uongozi kwa vijana wa Mombasa hukwama hapahapa nyumbani

Tangu Mei 27, 2025, siku Marekani iliposimamisha upangaji wa miadi mipya ya mahojiano ya viza za wanafunzi na za washiriki wa programu za kubadilishana, mazungumzo ya Mombasa kuhusu programu za uongozi kwa wanafunzi wa sekondari yamegeuka kuwa mazungumzo ya viza. Miadi ilifunguliwa tena Juni 18 mwaka huohuo, lakini kwa sharti jipya: mwombaji aziache wazi akaunti zake za mitandao ya kijamii ili maafisa wazipekue. Wiki hizo tatu ziliangukia pabaya, kwa kuwa makundi yanayosafiri Julai huwa ndio yanakimbizana na viza wakati huo. Miezi michache kabla, mwezi Februari, fedha za programu hizohizo zilikuwa zimezuiwa kwa muda. Ukiyajumlisha hayo, si ajabu kwamba kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na kwenye mabaraza kuanzia Kuze hadi Mikindani tafsiri imekuwa moja: mlango umefungwa, watoto wetu wamepitwa.

Kwa familia iliyokuwa na barua ya kukubaliwa mkononi, tafsiri hiyo ina ukweli. Kwa wengine wote imepotoka. Programu hizi hukwama zaidi mahali pawili ambapo ubalozi hauna mkono wowote: katika kumchagua kijana, na katika kumpokea anaporudi. Pote pawili pako kwetu. Hata viza zingetolewa kwa wiki moja, kijana aliyechaguliwa kwa vigezo vibovu na kurudi kwenye shule isiyojua alikwenda kufanya nini atabaki na picha, fulana na cheti. Hoja yangu ni kwamba Mombasa ingefanya vyema kuipanga kazi hii upya, safari iwe hatua ya pili kwa wachache waliokwisha kuonyesha kazi, na hatua ya kwanza ifanyike hapa, likizo ya Agosti, kwa fedha ambazo mji huu unaweza kuzipata.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana majina huchanganywa. Kuna programu za mwaka mzima wa shule. AFS, shirika lililoanza mwaka 1915 kama kikosi cha madereva wa magari ya kubeba majeruhi wa vita, liligeukia kubadilishana wanafunzi mwaka 1947. Programu ya Kennedy-Lugar YES ilianzishwa Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa juhudi za maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, ikilenga nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu, na Kenya imo. Kisha kuna zile fupi za kiangazi. Pan-African Youth Leadership Program, kwa mfano, imekuwa ikiwachukua wanafunzi wa miaka 15 hadi 18 pamoja na walimu au walezi wachache kwa wiki tatu hadi nne. Mpangilio wa hizi fupi hufanana: siku mbili tatu za kuzoea mazingira, wiki moja au zaidi ya warsha za uongozi na uraia, kukaa na familia wenyeji, kazi za kujitolea, ziara za ofisi za umma, na mwishoni kila mmoja huandika mpango wa mradi atakaoufanya kwao. Hizi fupi ndizo zinazovutia wazazi wengi kwa sababu mtoto hapotezi mwaka. Ndizo pia zenye kasoro nyingi zaidi, kwa kuwa wiki nne hazitoshi kumbadilisha mtu asiyeandaliwa kabla wala kufuatiliwa baadaye.

Kasoro ya kwanza iko kwenye kalenda. Kiangazi cha kaskazini ya dunia huangukia katikati ya muhula wetu wa pili. Mwaka 2025 muhula huo ulianza Aprili 28 ukaisha Agosti 1, wiki 14. Kijana anayeondoka mwishoni mwa Juni na kurudi mwishoni mwa Julai amekosa zaidi ya robo ya muhula mrefu kuliko yote. Aliye Kidato cha 3 anarudi akiwa nyuma kwa mada kadhaa za hisabati na kemia. Aliye Gredi ya 10 anakuta tathmini za darasani zimefanyika bila yeye. Dawa yake inajulikana na ni ya kuchosha tu: barua kwa mkuu wa shule ifike Machi, kila mwalimu wa somo aandike mada atakazofundisha wiki hizo, mwanafunzi mwenzake mmoja akubali kumpigia picha maelezo, na tarehe ya kurudia mitihani iandikwe kabla hajaondoka. Programu nyingi huandika barua hiyo wiki mbili kabla ya safari. Hapo mkuu wa shule hana la kufanya ila kukubali kwa shingo upande, na mtoto akirudi huadhibiwa kimyakimya, pengine kwa kuvuliwa ukiranja.

Kasoro ya pili ni karatasi. Pasipoti ya kurasa 34 sasa ni Sh7,500, iliyokuwa Sh4,550 kabla ya ada kupandishwa 2024. Lakini fedha si tatizo kubwa. Tatizo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Mohammed, kitambulisho cha baba kinasema Muhammad. Mahali pengine jina la tatu ni la babu, pengine ni la ukoo. Msichana ameandikishwa shule kwa jina la mjomba aliyemlea. Kila tofauti ya namna hiyo inataka kiapo mbele ya wakili au marekebisho kwa msajili wa vizazi, na hakuna mratibu anayeweza kuyaharakisha hayo mwezi Mei. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na kuchelewa kuandikishwa anahitaji muda zaidi. Mtoto ambaye mzazi mmoja hajulikani aliko, au amefariki bila cheti cha kifo, anahitaji muda zaidi ya huyo. Kwa vijana wa jamii ya Wapemba wa Kwale na Kilifi, waliotambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu, au Wamakonde waliotambuliwa 2016, nyaraka za wazazi zenyewe bado mpya. Kisha kuna safari ya Nairobi kwa mahojiano: treni ya daraja la kawaida kutoka Miritini ni Sh1,500 kwa mtu kwa njia moja, kwa hivyo mzazi na mtoto wametumia Sh6,000 kabla ya malazi na chakula. Wanaofadhiliwa na serikali ya Marekani husamehewa ada ya viza. Anayekwenda kwa programu ya binafsi huongeza dola 185. Yote haya ni kero, lakini ni kero zinazomalizika kwa anayeanza Januari.

Sharti la akaunti kuwa wazi ndilo geni, na hapa nawaelewa wazazi kuliko ninavyowaelewa maafisa. Msichana wa Mji wa Kale anayeweka picha za harusi ya dada yake, wanawake wakiwa peke yao bila buibui, kwenye akaunti iliyofungwa kwa jamaa na rafiki zake wa kike, anatakiwa aifungue kwa dunia nzima. Picha hizo si zake peke yake. Ni za shangazi na binamu ambao hawakuomba viza yoyote. Ushauri wa kawaida wa kufuta kila kitu usiku wa kuamkia kujaza fomu ni mbaya, kwa sababu akaunti iliyosafishwa ghafla huzua maswali. Lililo bora ni kuhamishia picha za familia kwenye simu miezi kadhaa kabla, kwa utaratibu, na kubakiza kinachofaa kuonwa na kila mtu. Sharti hilo linawaumiza wasichana kuliko wavulana, na programu yoyote inayojali usawa ingelieleza kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi badala ya kuliacha ligunduliwe kwenye fomu.

Sasa tuje kwenye hoja. Wanaoomboleza viza wana hoja yenye uzito, na si haki kuipita. Wanasema hakuna kambi ya Mombasa inayoweza kumpa kijana wa hapa kile anachokipata akiwa mgeni kabisa: kuwa Mwislamu peke yake darasani, kuulizwa maswali ambayo hajawahi kuulizwa, kulala katika nyumba ambayo hakuna anayejua lugha yake, kujieleza bila mjomba wa kumkingia. Hiyo ni kweli. Kijana aliyekulia kwenye kundi kubwa hujifunza mengi siku anapokuwa kwenye kundi dogo, na somo hilo halipatikani kwa mihadhara. Kwa sababu hiyo sisemi safari zifutwe. Lakini hoja hiyo inathibitisha kuwa kukutana na wageni kuna thamani. Haithibitishi kuwa kukutana peke yake kunatosha. Na tunao ushahidi wa zamani, tena wa kambi ya kiangazi.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa miaka 11 hadi 12 wakawapiga kambi katika hifadhi ya Robbers Cave, Oklahoma, wakiwa makundi mawili. Baada ya siku chache za mashindano, makundi yalichomeana bendera na kuvamiana vibandani. Watafiti wakajaribu dawa ambayo programu nyingi bado zinaitumia: wakawakalisha pamoja kula na kutazama sinema. Matokeo yake wavulana walitupiana chakula na matusi. Uhasama ulipungua pale tu yalipotokea mambo ambayo kundi moja lisingeweza kuyamaliza: maji ya kambi yalipokatika, fedha za kukodi sinema zilipopungua, na lori la chakula lilipogoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindania. Wale walikuwa wavulana watupu, weupe, wa dini moja na hali moja, na watafiti waliyapanga matatizo hayo kwa makusudi, basi tusiyapakie matokeo hayo zaidi ya yanachoweza kubeba. Lakini mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, alifikia jambo linalokaribiana nalo: watu wa makundi tofauti hupunguziana chuki wakikutana wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na idhini ya wenye mamlaka.

Pima programu ya kiangazi kwa masharti hayo manne. Mgeni anayelala kwa familia mwenyeji hana hadhi sawa. Ni mgeni, hupewa chumba kizuri na husamehewa makosa. Usiku wa utamaduni, wenye leso, biriani na ngoma, hauna lengo moja wala ushirikiano. Kila upande huonyesha na mwingine hupiga makofi. Ziara ya ofisi za serikali ni matembezi. Sehemu inayokaribia masharti ni ile kazi ya kujitolea, mathalan kufungasha chakula cha watu mia tatu kabla ya saa nane mchana, ambapo aliye mwepesi ndiye anayeelekeza bila kujali ametoka wapi. Kwa kawaida hiyo hupewa nusu siku.

Upande wa pili kuna wanaofurahia viza kukazwa. Hoja yao ya kwanza ni kwamba vijana wakienda hawarudi. Kwa programu zinazofadhiliwa na serikali ya Marekani hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote zinazosemwa barazani. Anayekwenda kwa viza ya J, ile ya washiriki wa programu za kubadilishana, kwa ufadhili huo hufungwa na kanuni ya miaka miwili: hawezi kupata ukazi wa kudumu wala viza kadhaa za kazi za huko mpaka akae kwao jumla ya miaka miwili, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Watoto wa sekondari husafiri kwa kundi, na mtu mzima, na tiketi ya kurudi. Hoja ya pili, kwamba wataharibiwa maadili, ni pana mno kujibika. Kijana wa miaka 16 mwenye simu Majengo ameshaona yote anayoogopewa kuyaona Oregon. Swali linalofaa ni iwapo kuna mtu mzima anayemjua wa kuzungumza naye anapoyaona. Hoja ya tatu nitairudia chini kwa sababu ni nzito: kwamba fedha hizi zingelipa karo.

Nianze na uchaguzi, ambako makosa ni mengi na rahisi kurekebisha. Tangazo hufika shule chache zenye mwalimu aliye kwenye orodha ya barua pepe. Mwalimu humwita kiranja mkuu na mshindi wa midahalo. Fomu inataka insha ya Kiingereza, na insha ya Kiingereza hupima shule ya msingi aliyosoma mtoto zaidi ya inavyopima uongozi. Mahojiano hufuata, mtoto mmoja mbele ya watu wazima watatu, na anayezungumza sana hupata alama. Ukifuata njia hiyo kila mwaka utawapata walewale: watoto wa bweni, wenye wazazi wenye vitambulisho safi, na ambao wangepata nafasi nyingine hata wasingepata hii. Wa shule za kutwa za Changamwe, Jomvu na Likoni hawasikii mpaka tarehe imepita.

Njia bora haihitaji fedha nyingi. Tangazo lipelekwe kwa wakuu wa shule zote za kaunti ndogo sita, na nakala madrasa, makanisa na vilabu vya mpira. Insha iruhusiwe Kiswahili au Kiingereza, isizidi maneno 300, na wasahihishaji wasione jina wala shule. Swali lisiwe "kiongozi bora ni nani", ambalo huleta majibu ya kukariri. Liwe "taja jambo lililokuwa haliendi mtaani au shuleni kwenu, ulifanya nini, na nini hakikufanikiwa". Waliopita waitwe kwa makundi ya sita, wapewe kazi ya dakika 20 ambayo kila mmoja ana kipande kimoja cha taarifa na haimaliziki bila vipande vyote. Waangalizi wawili wakae kando waandike mambo matatu tu: nani aliuliza aliyenyamaza, nani alibadili mawazo aliposikia hoja nzuri, nani aliangalia saa. Msemaji hodari mara nyingi hufeli hapo. Mwisho, mdhamini mmoja asiwe wa shule: ustadhi, mlezi wa vijana kanisani, kocha, au mama wa chama cha mtaa. Mtu wa namna hiyo anajua kama kijana hufika siku isiyo na sifa.

Kurudi ndiko kunakoumiza zaidi na kunakopangwa kidogo zaidi. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn walieleza jinsi anayerudi kwao hupitia mtikisiko wa pili, baada ya ule wa ugenini, na mara nyingi wa pili humkuta hakujiandaa. Mombasa mtikisiko huo una sura yake. Kijana amezoeshwa kwa wiki nne kumwita mwalimu kwa jina, kumkatiza kwa swali, kusema sikubaliani. Anarudi kwenye bweni lenye kengele na safu ya viranja, au nyumbani ambako shikamoo haisahauliki. Akisema alivyozoea anaitwa mjuaji. Akinyamaza anaonekana hakujifunza. Kwa siku 30 za kwanza asipewe mradi wowote. Akae na mlezi mara moja kwa wiki, ikiwezekana aliyewahi kupita njia hiyo, wachague pamoja mambo mawili ya kuyatumia na yale ya kuyaacha ugenini. Mkuu wa shule aitwe kwenye kikao kimoja, aelezwe kijana amejifunza nini na anaomba nafasi gani. Bila kikao hicho chuki ya wenzake dhidi ya "aliyepanda ndege" huivunja kazi kabla haijaanza.

Kisha unakuja mradi, na hapa kuna uharibifu wa kweli. Mradi unaopendwa kuliko yote Pwani ni kupanda mikoko, kwa sababu hupigika picha. Vijana arubaini wenye fulana moja hushuka kwenye tope la Hori ya Tudor au kule Jomvu asubuhi ya maji kupwa, wanachomeka mbegu ndefu za mkoko elfu moja, na kuondoka. Wengi hawajui kwamba kila mti una mahali pake kwa kina cha maji: mlilana hukaa upande wa bahari, mkoko wa kawaida katikati, mkandaa nyuma yake, na mchu hustahimili pande zote mbili, ukingoni mwa bahari na karibu na nchi kavu penye chumvi nyingi. Mbegu ya mkoko ikichomekwa kwenye tope la wazi mbele, mawimbi huing'oa, mwani na chaza hujishika kwenye shina changa, na kaa hula zilizobaki. Baada ya miezi sita pamebaki vijiti. Eneo lililokatwa miti karibu na miti mama iliyo hai, maji yakiingia na kutoka vizuri, mara nyingi hujiotea lenyewe likiachwa bila kukatwa tena, na kazi yenye faida ingekuwa kulinda na kufungua mifereji iliyozibwa na taka. Kazi hiyo haina picha. Inahitaji kuongea na kikundi cha mtaa kinachotunza ufuo huo, na ofisi ya huduma za misitu, na kurudi kila bamvua kuhesabu.

Mradi unaodumu una alama zake: ni mdogo, una siku moja ya wiki isiyobadilika, una mtu mzima anayeishi hapohapo, na umeombewa ruhusa kwa anayemiliki mahali. Saa mbili za kusoma kila Jumamosi kwa watoto 15 wa Gredi ya 4 na ya 5, kwa wiki nane, kwenye chumba cha madrasa kilichokuwa kikikaa tupu, hushinda kongamano la siku moja la watu mia mbili. Vitu vinavyouua mradi kama huo ni vya kawaida kabisa: ufunguo umo mfukoni mwa mtu aliyesafiri, mtihani wa muhula umeanza, nauli ya wasaidizi imekwisha wiki ya nne. Bajeti ya Sh15,000 inatosha ikiwa Sh8,000 ni nauli. Wafadhili hukataa kulipa nauli na hulipa mabango kwa furaha. Sijawahi kuona sababu yake yenye mantiki.

Kwa mantiki hiyo, hatua ya kwanza ifanyike hapa. Likizo ya Agosti ni wiki tatu. Chukua siku 12, uiache wiki moja kwa familia. Vijana 30 wa miaka 15 hadi 17, watano kutoka kila kaunti ndogo, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na watu wazima watano. Mombasa ina tofauti za kutosha za dini, kabila na mfuko kutimiza sharti la msingi la programu ya tamaduni mbalimbali: Waswahili, Wamijikenda, Wabaluchi, Wabohora, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, wanaoishi dakika 20 za matatu na hawajawahi kulala nyumba ya mwenzao. Chakula kwa Sh600 kwa mtu kwa siku ni Sh252,000. Posho ya wawezeshaji Sh2,000 kwa siku ni Sh120,000. Gari la kukodi siku nane kwa Sh10,000 ni Sh80,000. Usiku tano kwenye nyumba 15, vijana wawili kila nyumba, Sh500 kwa kijana kwa usiku, ni Sh75,000. Vyeti vya tabia njema vya polisi kwa watu wazima wawili wa kila nyumba, Sh1,050 kila kimoja, ni Sh31,500. Miradi sita ni Sh90,000. Ongeza asilimia 10 ya bima, dawa na karatasi. Kwa makadirio hayo unafika karibu Sh715,000, chini ya Sh24,000 kwa kijana. Tiketi moja ya ndege kwenda na kurudi Marekani mwezi Julai huzidi Sh150,000 mara nyingi.

Kulala nyumba za watu ndiko penye hatari na ndiko penye faida, kwa hivyo pasifanywe kienyeji. Vijana wawe wawili, wa jinsia moja, kila mmoja na kitanda chake. Nyumba itembelewe mara mbili kabla, mara moja bila taarifa. Kila kijana awe na nambari ya mtu asiye wa familia hiyo wala rafiki yake, na mratibu afike kumwona ana kwa ana siku ya pili, si kwa simu. Mambo ya dini yamalizwe kwenye karatasi mapema: nyama itanunuliwa wapi na sufuria zilipikiwa nini, kibla kiko upande gani, nani atampa nauli ya kanisa Jumapili kijana Mkristo aliye Kibokoni, Mji wa Kale. Ugomvi mwingi wa makazi hutokea kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza. Wakati wa jikoni usiogopwe. Samaki wa kupaka hutatua mengi. Kikwazo kitakachokuwa kigumu kuliko vyote ni wazazi wa Nyali kumruhusu mtoto alale Mtongwe, kule Likoni, hasa baada ya habari za magenge ya mapanga. Hofu hiyo ina sababu, na haijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa kuwapeleka wazazi wenyewe kwanza wakanywe chai kwenye nyumba hiyo.

Sasa ile hoja ya karo. Sh715,000 ni basari za wanafunzi wengi wa shule za kutwa, na mtu anayesema mtoto asiye na karo hahitaji kambi ya uongozi hakosei. Singependa kuona shilingi moja ya basari za kaunti ikihamishwa. Lakini hoja hiyo ina nguvu zaidi dhidi ya safari za nje kuliko dhidi ya kambi ya hapa, na chanzo cha fedha kinaweza kuwa kingine: makampuni ya bandarini, hoteli, na wafadhili walewale ambao leo hulipia tiketi. Zaidi ya hayo, mtaala wa sekondari ya juu ulioanza na Gredi ya 10 Januari 2026 una somo la mafunzo ya huduma kwa jamii kwa wanafunzi wote. Walimu wengi wanatafuta namna ya kulifundisha lisigeuke kufagia uwanja. Miradi ya wiki nane yenye daftari la mahudhurio ni mazoezi tayari ya somo hilo, na shule inayoikubali inapata kitu cha kutathmini badala ya kupoteza mwanafunzi kwa mwezi mzima.

Baada ya hapo ndipo safari ina maana. Mombasa na Seattle ni miji dada tangu 1981. Tofauti ya saa wakati wa kiangazi chao ni kumi, kwa hivyo saa moja usiku hapa ni saa tatu asubuhi kule. Makundi mawili ya vijana yanaweza kufanya kazi moja kwa miezi sita, mathalan kupima taka za fukwe zao kwa fomu moja, kabla ya yeyote kuomba viza. Watakaosafiri watoke kwa wale ambao mradi wao ulikuwa bado hai Februari. Afisa wa ubalozi akiuliza unakwenda kufanya nini, kijana huyo ana jibu lenye tarehe na majina. Na akinyimwa, kazi yake ya Jumamosi inaendelea.

Hilo linahitaji wafadhili wabadili fomu zao za ripoti. Leo fomu huulizwa wiki mbili baada ya kambi, na huuliza idadi ya washiriki, jinsia, na picha kumi. Iulizwe miezi sita baada ya kambi, na maswali yawe mafupi: kundi bado linakutana? Wapi, siku gani, na nani anafungua mlango mratibu asipokuwepo?